Puli, Karasha na Winchi: Hesabu za Mzunguko kwa Mchimbaji Mdogo

Umeme umefika mwaloni. Mwenye karasha anang'oa injini ya dizeli na kufunga mota pale pale, kwa puli zile zile na mkanda ule ule. Kesho yake mawe yanatoka chengachenga, wateja wananung'unika, na lawama zote unabebeshwa umeme: "hauna nguvu." Mara nyingi umeme hauna kosa. Karasha linazunguka polepole kuliko linavyotakiwa, na jambo hilo lingeonekana kwenye karatasi kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeendesha karasha Lwamgasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, unayevuta winchi juu ya duara (yaani shimo la machimbo), au unayechomelea mitambo hiyo Katoro na Kahama. Mwanafunzi wa fizikia naye atakuta humu hesabu zake za darasani zikifanya kazi. Unahitaji tepu ya kupimia, chaki, na simu yenye saa na kikokotozi.

Kwanza, kwa nini mzunguko una hesabu zake

Chora alama mbili za chaki kwenye puli kubwa, moja karibu na shafti, nyingine ukingoni. Izungushe kwa mkono mara moja. Alama zote mbili zimemaliza mzunguko mmoja kwa wakati mmoja, lakini ile ya ukingoni imesafiri njia ndefu zaidi, kwa hiyo imekwenda kasi zaidi. Ndiyo sababu kitu kinachozunguka kina kasi za aina mbili. Kuna mizunguko kwa dakika, ambayo ni sawa kwa kila sehemu ya puli, na kuna kasi ya mwendo, ambayo huongezeka kadiri unavyotoka kwenye mhimili kwenda ukingoni.

Nguvu nayo hufuata umbali huo. Sukuma mlango karibu na bawaba, kisha karibu na kitasa, utaona tofauti. Uwezo wa kuzungusha ni nguvu unayotia mara umbali kutoka kwenye mhimili, na katika fizikia uwezo huo huitwa momenti. Kilo 10 kwenye umbali wa sm 40 hulingana na kilo 40 kwenye umbali wa sm 10.

Jambo la tatu ndilo linaloua watu, kwa hiyo lishike vizuri. Kitu kizito kinachozunguka hukataa kusimama, na ukaidi wake hautegemei uzito peke yake. Unategemea pia uzito huo umekaa mbali kiasi gani na mhimili. Kilo ile ile ukiihamisha mara mbili mbali zaidi, inakuwa ngumu mara nne kuianzisha na mara nne kuisimamisha. Flaiwili ya injini ya dizeli imewekewa chuma kingi ukingoni kwa sababu hiyo hiyo. Mizunguko nayo ina hesabu kama hiyo: ikiongezeka mara mbili, nishati iliyofungwa ndani ya chombo inaongezeka mara nne.

Karasha husagaje

Gololi za chuma zilizomo ndani ya pipa hubebwa na ukuta unaopanda, zikifika juu zinaachia, zinaanguka na kupasua mawe. Pipa likienda polepole mno, gololi hazipandi. Zinateleza na kubiringishana chini, zikisuguana na mawe bila kuyapiga. Likienda haraka mno, gololi haziachii kabisa. Zinaganda ukutani na kuzunguka nalo duara zima, na wewe unalipia dizeli au umeme wa kuzungusha chuma kisichoponda jiwe lolote.

Kwa nini zinagandia? Kila kitu kinachokwenda kwenye duara kinataka kunyooka na kwenda zake, na lazima kuwe na kani ya kukivuta kuelekea katikati. Gololi ikiwa juu kabisa ya pipa, dunia ndiyo inayoivuta kuelekea katikati. Mwendo ukiwa wa wastani, mvuto huo unazidi kinachohitajika, na gololi inaanguka. Mwendo ukizidi, mvuto wote wa dunia unaishia kuibakiza kwenye duara, na hakuna kinachosalia cha kuiangusha.

Uzito wa gololi haubadilishi hesabu hii. Gololi nzito inahitaji kani kubwa zaidi kubaki kwenye duara, lakini dunia nayo inaivuta zaidi kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo kununua gololi kubwa hakutibu karasha linalozunguka haraka mno. Kipimo cha mwendo kinatokana na upana wa pipa.

KISANDUKU: KUTAFUTA MWENDO WA KARASHA LAKO

1. Pima kipenyo cha ndani cha pipa. Usipime nje, maana unene wa bati na vyuma vya ndani vitakudanganya.
2. Toa kipenyo cha gololi kubwa kuliko zote. Pipa la sm 86 lenye gololi za sm 6 linahesabiwa kuwa sm 80.
3. Badilisha kuwa mita: 0.8.
4. Tafuta kipeuo cha pili kwenye simu. Cha 0.8 ni 0.894.
5. Gawanya 42.3 kwa namba hiyo. Unapata 47.3. Huu ndio mwendo wa kugandia: gololi za pembeni kabisa zinaacha kuanguka pipa likifika mizunguko 47 kwa dakika.
6. Chukua asilimia 65 hadi 75 ya jibu. Kwa pipa hili ni mizunguko 31 hadi 35 kwa dakika.

Ukitaka njia ya mkato, tumia namba hizi. Kipenyo ni kile ulichokwisha toa gololi:

- sm 60: mizunguko 36 hadi 41 kwa dakika
- sm 80: mizunguko 31 hadi 35
- sm 100: mizunguko 28 hadi 32
- sm 120: mizunguko 25 hadi 29

Angalia kwamba pipa likiwa pana zaidi, linatakiwa kwenda polepole zaidi. Anayejenga karasha kubwa kwa kunakili puli za karasha dogo la jirani anaanza kazi akiwa amekwisha kosea.

Mwendo ulionao sasa unapimwa bila kifaa chochote cha kununua. Karasha likiwa limezimwa, chora mstari mpana wa chaki kwenye pipa. Liwashe, simama mbali na mkanda, hesabu mstari unapita mara ngapi kwa dakika nzima. Fanya hivyo mara tatu. Tega na sikio. Karasha lenye mwendo mzuri linagonga mfululizo, kishindo juu ya kishindo, lililozidi mwendo linavuma na vishindo vinapungua, lililopungua linakwaruza. Sikio la mwendeshaji mzoefu ni kipimo cha kweli, ila haliwezi kukuambia ununue puli ya sm ngapi.

Hesabu ya puli

Mkanda usioteleza unakwenda kasi moja kwenye puli zote mbili unazozunguka. Kwa hiyo kipenyo mara mizunguko ya puli ya kwanza ni sawa na kipenyo mara mizunguko ya puli ya pili. Puli ndogo inazunguka mara nyingi, kubwa mara chache. Hesabu nzima ni hiyo.

Turudi kwa yule mwenye karasha. Pipa lake ni la sm 80 ukishatoa gololi, linataka mizunguko 33. Injini yake ya dizeli ilikuwa ikizunguka mara 2,200 kwa dakika, ikiwa na puli ya sm 10. Mkanda ulikwenda shafti ya kati kwenye puli ya sm 66:

2,200 × 10 ÷ 66 = mizunguko 333

Kwenye shafti hiyo hiyo kulikuwa na puli ndogo ya sm 10 iliyovuta gurudumu la sm 100 la karasha:

333 × 10 ÷ 100 = mizunguko 33

Sawasawa kabisa. Sasa amefunga mota ya umeme. Kibati cha mota kinasomeka 1,440, kama zilivyo mota nyingi za huku, na yeye hakukisoma. Puli hazikubadilishwa:

1,440 × 10 ÷ 66 = 218
218 × 10 ÷ 100 = mizunguko 22 pungufu kidogo

Karasha limepoteza theluthi moja ya mwendo wake. Dawa yake ni kukuza puli ya mota kwa uwiano wa 2,200 kwa 1,440, yaani karibu mara moja na nusu. Puli ya sm 15 kwenye mota inarudisha mizunguko kuwa karibu 33. Puli moja tu, tena ndogo kuliko zote, ndiyo iliyohitaji kubadilishwa.

Kinyume chake nacho hutokea. Mtu ana karasha lililopangwa kwa mota ya 1,440, umeme unakatika siku nyingi, analifunga injini ya 2,200 bila kugusa puli. Mizunguko 33 inakuwa 50, na mwendo wa kugandia ni 47. Anasikia mtambo unavuma kwa kasi, anafurahi, ilhali humo ndani hakuna kinachosagwa.

Hatua za kufuata kila unapobadilisha chanzo cha nguvu:

1. Soma kibati cha mota au injini: mizunguko kwa dakika na nguvu yake.
2. Tafuta mwendo unaotakiwa na pipa lako kwa kisanduku cha juu.
3. Pima kipenyo cha kila puli pale mkanda unapokaa. Mkanda wenye umbo la V hukaa ndani ya mfereji, si kwenye ncha ya ukingo.
4. Piga hesabu kutoka mota hadi pipa, shafti baada ya shafti.
5. Jibu lisipoangukia kwenye mwendo unaotakiwa, badilisha puli ya mota kwanza. Isipowezekana kuipunguza, kwa kuwa puli ndogo sana huvunja mkanda na kuufanya uteleze, kuza puli ya shafti ya kati.
6. Ukishafunga, hesabu mstari wa chaki. Ukipata pungufu kidogo ya ulichokokotoa, huo ni utelezi wa kawaida wa mkanda. Ukipata pungufu sana, mkanda umelegea au umechakaa.

Onyo moja kuhusu puli. Kila unapoongeza mwendo kwa puli, unapunguza nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye pipa, kwa kiasi kile kile. Puli ya mota ikitoka sm 10 kwenda sm 15, mota inalazimika kukaza mara moja na nusu zaidi kwa mzigo ule ule. Hapo mota ndogo inachemka, mkanda unanuka, na fundi anaukaza zaidi hadi beringi zinakufa. Angalia kilowati kabla ya kununua. Hospawa 1 ni wati 746 hivi, kwa hiyo injini ya hospawa 20 ni karibu kilowati 15. Ukiweka mota ya kilowati 7 mahali pake, huenda hakuna puli itakayokuokoa.

Winchi ya mkono

Winchi ya juu ya duara ni magogo mawili, dramu, mpini na kamba. Tuseme mpini una urefu wa sm 40 kutoka kwenye mhimili. Dramu ina nusu kipenyo cha sm 10 na kamba yake ina unene wa sm 2, kwa hiyo katikati ya kamba ni sm 11 kutoka kwenye mhimili. Mfuko wa mawe wa kilo 50 unadai mkononi mwako:

50 × 11 ÷ 40 = karibu kilo 14

Msuguano huongeza kidogo. Mtu mwenye afya anaweza. Lakini kamba inapojikunja tabaka la pili, inakaa sm 13 kutoka kwenye mhimili, na tabaka la tatu sm 15. Hapo mzigo ule ule unadai karibu kilo 19. Tabaka hizo hujengeka mfuko ukikaribia mdomo wa duara, yaani wakati mikono imekwisha choka na wenzako wako chini moja kwa moja. Watu husema mfuko "umekuwa mzito" karibu na juu, na hawajakosea hata kidogo. Dramu pana, inayobeba kamba yote kwa tabaka moja, inaondoa tatizo hili bila gharama kubwa.

Sasa fikiria mpini umekuponyoka. Mfuko unaanguka, na dramu inazungushwa na mfuko. Kasi ya kamba ikifika mita 5 tu kwa sekunde, dramu inazunguka zaidi ya mara 7 kila sekunde, na ncha ya mpini inakwenda kilomita 65 kwa saa. Mkono unaojaribu kuudaka unavunjika, na taya vilevile. Usiudake. Ruka pembeni, piga kelele kwa walio chini.

Kinga ya kweli ni gurudumu la meno lililofungwa kwenye dramu, pamoja na ulimi wa chuma unaodondokea kati ya meno. Fundi baiskeli anaufahamu mpango huo kutoka kwenye friwili ya nyuma: upande mmoja inapita ikilia, upande wa pili inagoma. Mchomeleaji yeyote mzuri anaweza kuutengeneza. Ulimi ukae umbali gani na mhimili? Mbali kadiri inavyowezekana. Ukikaa sm 20 kutoka kwenye mhimili unabeba nusu ya kani ambayo ungebeba ukikaa sm 10.

Kabla ya zamu, kagua:

- [ ] Ulimi unadondoka wenyewe, haukwami kwa tope.
- [ ] Dramu haichezi kwenye mhimili wake, na mhimili umepakwa grisi.
- [ ] Mpini umefungwa kwa boliti au umechomelewa, haujafungwa kwa mpira wala waya.
- [ ] Kamba haina nyuzi zilizokatika, na inabaki mizunguko kadhaa kwenye dramu mfuko ukiwa chini kabisa.
- [ ] Kuna mipini miwili na watu wawili kwa mzigo wa kilo 50 au zaidi.
- [ ] Hakuna aliyesimama chini ya mdomo wa duara mfuko ukiwa njiani.

Winchi isiyo na ulimi wala breki isibebe mtu. Hapa sina namna ya kulegeza maneno. Shafti ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu inakwenda chini zaidi ya mita 1,000, winchi yake inafuata kanuni hizi hizi, na breki zake hukaguliwa. Binadamu anayeshuka mita 30 anastahili breki vilevile.

Kusimamisha na kufungua karasha

Ajali nyingi za mitambo inayozunguka zinangoja wakati mtu anapodhani kazi imekwisha. Umezima swichi, lakini pipa lenye gololi na mawe linaendelea na safari yake. Na hata likisimama, halijatulia: mzigo wa ndani unaweza kuwa umelalia upande mmoja. Ukifungua mlango, uzito huo una momenti ya kulirudisha pipa nyuma kwa ghafla, mkono wako ukiwa ndani.

1. Zima, kisha ngoja mpaka mstari wa chaki usimame kabisa. Usibane pipa wala mkanda kwa ubao ili kuharakisha.
2. Funga swichi kuu kwa kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono, si kwa msimamizi wala kwa jirani. Kwa injini ya dizeli, hakikisha imekatiwa mafuta.
3. Pachika kabari ya mti pande zote mbili za pipa.
4. Simama upande wa shafti, si mbele ya mlango, ulegeze boliti polepole.
5. Kabla ya kuwasha tena, ondoa kabari, hesabu watu, paza sauti.

Kanga, kitenge, mtandio na mikono mipana ya shati visikaribie mkanda. Mahali mkanda unapoingia kwenye puli pananasa nguo kabla mtu hajatambua. Wavu wa chuma wa kufunika puli na mkanda ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji. Na kwa kuwa makarasha mengi husaga kavu, vaa barakoa ya vumbi unapomwaga unga: vumbi la mawe haya huacha makovu kwenye mapafu, na mapafu hayarudi.

Kwa anayechomelea: diski ya grainda

Tabia ya kung'oa kinga ya grainda ndogo ili iingie diski kubwa iachwe leo. Diski ya mm 230 imeandikwa mwisho mizunguko 6,600 kwa dakika, sawa na mita 80 kwa sekunde ukingoni. Grainda ndogo huzunguka 11,000 hivi. Diski hiyo ikifungwa humo, ukingo wake unafika mita 132 kwa sekunde, na kani inayotaka kuipasua inaongezeka zaidi ya mara 2.7, kwa kuwa hufuata mraba wa mwendo. Vipande vinatoka kuelekea usoni. Soma namba iliyo kwenye diski, soma iliyo kwenye mashine. Ya diski isiwe ndogo kuliko ya mashine.

Ukikwama

Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente, ambako mchimbaji mdogo anaweza kuona mtambo uliopangwa vizuri. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi nayo inahusika na usalama wa machimbo. Usiende mikono mitupu. Andika namba hizi kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa banda lako, kisha uzinakili kwenye simu:

- Kipenyo cha ndani cha pipa, na cha gololi kubwa
- Mwendo wa kugandia, na mwendo unaotakiwa
- Mizunguko na nguvu ya mota au injini
- Kipenyo cha kila puli, kuanzia mota hadi pipa
- Mizunguko uliyohesabu kwa chaki, na tarehe
- Tarehe ya mkanda mpya na ya grisi ya mwisho